Mchapishaji Mdogo wa Pwani au Kampuni Kubwa ya Nairobi: Uanagenzi Wako Uanzie Wapi?

Vijana wa Malindi na Lamu wanaosomea Kiswahili, fasihi au uanahabari hufika mahali chuo kikawaambia watafute pa kufanyia mafunzo kazini. Wanaopenda vitabu hubaki na njia mbili. Ya kwanza ni mchapishaji mdogo wa hapa Pwani, ambaye huenda hata jirani zake hawajui anafanya kazi gani. Ya pili ni kupanda basi hadi Nairobi, kwenye kampuni ambazo majina yao yako kwenye kila mkoba wa shule. Mimi ni mhariri wa kujitegemea, nakaa Malindi, na nimefanya kazi pande zote mbili. Sina haja ya kuficha kwamba naegemea kwa mdogo. Ila naegemea kwa sharti, na sharti hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo wengi hawaliulizii.

Tuelewane kwanza tunalinganisha nini na nini. Kampuni kubwa ni kama Longhorn, East African Educational Publishers, Oxford University Press na Moran, pamoja na mashirika ya serikali kama Kenya Literature Bureau na Jomo Kenyatta Foundation. Riziki yao kubwa ni vitabu vya kiada. Mchapishaji mdogo ninayemsema ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, watu watatu au wanne, kompyuta moja yenye programu ya kupanga kurasa, na rafu za nakala zinazosubiri wanunuzi. Hutoa hadithi za watoto, diwani za mashairi, kumbukumbu za wazee, vijitabu vya dini, pengine historia ya mji. Kwa mwaka mzima akitoa vitabu vinne amefanya kazi.

Kazi utakayopewa

Katika kampuni kubwa utawekwa idara moja, na kwa mwanagenzi wa lugha idara hiyo ni ya uhariri. Utakabidhiwa, tuseme, kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 5 kilichokwisha kupangwa kurasa, usome prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kuchapwa. Unaangalia kama maswali ya zoezi yanalingana na mada iliyomo kwenye mtaala, kama picha ya ukurasa wa 34 ndiyo inayotajwa kwenye maelezo, kama mhusika aliyeanza akiitwa Amina hakugeuka Aminah katikati ya hadithi. Prufu ya kwanza ikirekebishwa inakuja ya pili, kisha ya tatu, na kila mara unahakikisha kwamba kosa lililosahihishwa halikuzaa jingine. Kazi inachosha macho, lakini anayekufundisha ni mtu aliyeifanya miaka na miaka, mwenye mwongozo ulioandikwa: lini tarakimu na lini maneno, alama za kunukuu za aina gani, majina ya kigeni yaendelezwe vipi. Nidhamu hiyo ukiipata haikutoki. Wachapishaji wadogo wengi hawana mwongozo kama huo, na vitabu vyao vinaonyesha.

Kwa mdogo hakuna idara. Mswada unaweza kuja kama picha za daftari zilizotumwa kwa WhatsApp, na kazi yako ya kwanza ikawa kuuchapa upya kwenye kompyuta, ukimpigia mwandishi simu kila unapofika neno lisilosomeka. Mhariri akimaliza kuuhariri, wewe ndiye unayempelekea mwandishi nyumbani kwa tuktuk, unakaa naye barazani, mnapitia alama moja baada ya nyingine. Hapo unajifunza jambo ambalo idara kubwa haikufundishi: namna ya kumwambia mtu mzima, aliyekaa na kitabu chake miaka kumi, kwamba sura ya tatu inarudia ya pili.

Halafu kitabu kinahesabiwa. Matbaa hukunja karatasi kubwa kuwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo mswada uliotoka kurasa 131 ni tatizo. Ama uupunguze ufike 128, ama ulipie karatasi hadi 144 na uache kurasa tupu mwishoni. Mwanagenzi ndiye anayeketi na msanifu kutafuta kurasa 3 za kuokoa, kwa kubana mistari iliyobaki peke yake juu ya ukurasa, kupunguza picha, au kuunganisha kurasa za mwanzo. Uti wa kitabu nao una hesabu yake. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo kurasa 128, yaani karatasi 64, hutoa uti wa milimita 6 au 7. Mchora jalada asipopewa namba hiyo, jina la kitabu litapinda na kuingia upande wa mbele.

Utaomba pia namba ya ISBN kwa KNLS, shirika la maktaba la taifa, na utajifunza kuikagua kabla haijaenda matbaa. Tarakimu 12 za kwanza huzidishwa kwa 1 na 3 kwa zamu, hujumlishwa, na ya 13 ndiyo inayofanya jumla igawanyike kwa 10. Kitabu hicho hicho kikitoka kwa karatasi na kwa kielektroniki, kila umbo linataka namba yake. Kikichapwa tena bila kubadilishwa, namba inabaki ile ile. Mambo madogo haya kampuni kubwa imempa karani mmoja, na mwanagenzi anaweza kumaliza muda wake asimwone.

Halafu zinakuja pesa, na hapa ndipo ninapomsifu mchapishaji mdogo kuliko pengine popote. Utatumwa kuomba bei kwa matbaa mbili au tatu, utaona kwa nini nakala 100 zinapelekwa kwenye mashine ya kidijitali ilhali 2,000 zinapelekwa kwenye ofseti: ofseti huchapa kwa mabamba, na gharama ya mabamba haibadiliki, uchape nakala chache au nyingi, basi kila unapoongeza nakala bei ya moja inashuka. Utaona bei ya jalada inavyogawanywa. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 500. Mwenye duka akichukua asilimia 30, ni 150. Mrabaha wa mwandishi ukiwa asilimia 10, ni 50. Zinabaki 300 za kulipa matbaa, mchoraji, mhariri, usafiri na kodi ya vyumba viwili. Baada ya hesabu hiyo hutamuuliza tena mchapishaji kwa nini jalada halina rangi ya dhahabu.

Na utabeba maboksi. Nakala 500 za kitabu cha kurasa 128 cha ukubwa wa A5 hukaribia kilo 90. Kutoka matbaa ya Nairobi hadi Malindi si shida. Zikipelekwa Lamu zinapita Garsen, Witu, hadi Mokowe, zinashushwa kwenye boti, zinavuka, kisha hamali au punda anazipandisha mtaani. Mvua ya masika ikikukuta kwenye gati bila turubai, nakala za boksi la juu zitakuwa zako za kugawa bure. Hata zikifika kavu, hewa ya bahari hukunja karatasi, kwa hiyo maboksi hayawekwi sakafuni wala hayaegemezwi ukutani. Haya yote ni uchapishaji.

Lile sharti

Muda wa mafunzo kazini kwa kawaida ni miezi mitatu. Kitabu, kutoka mswada hadi boksi, mara nyingi huchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo, popote uendapo, utaona kipande tu cha safari. Kwa mchapishaji wa vitabu vinne kwa mwaka, kuna uwezekano wa kweli ukafika wakati hakuna kitabu kinachotembea: kimoja kimekwama kwa mwandishi, kingine kinasubiri pesa ya matbaa. Basi miezi mitatu utapangusa vumbi, utauza madaftari kwa wapita njia, na utalinda ofisi mwenye kampuni akiwa Mombasa anafuatilia madeni. Nimewaona vijana waliomaliza hivyo, na wakirudi chuoni wanasema uchapishaji ni kazi ya kukaa.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, uliza swali moja kwa adabu: "Mwezi wa Juni, kitabu gani kitakuwa mezani, na kitakuwa kimefika hatua gani?" Mchapishaji anayejua kazi yake atakujibu papo hapo kwa jina la kitabu. Jibu bora kabisa ni vitabu viwili: kimoja kiko kwenye prufu, kingine kimetoka matbaa juzi na kinatafuta wasomaji. Ukijibiwa "njoo tu, kazi haikosekani", naogopa kwa niaba yako.

Swali hilo hilo liulize Nairobi. Kampuni za vitabu vya kiada zinaendeshwa na kalenda ya KICD, taasisi inayokuza mitaala na kuidhinisha vitabu. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji, badala ya kuzipa shule pesa zikanunue madukani. Kitabu kisichopita kwenye tathmini ya KICD kinakosa karibu soko lote hilo. Ndiyo maana wiki za kabla ya kuwasilisha miswada ofisi nzima hulala saa chache, na mwanagenzi aliyefika wakati huo hujifunza kwa mwezi mmoja zaidi ya aliyekaa miezi mitatu ya shwari. Aliyefika baada ya kuwasilisha hupewa vitabu vya zamani atafute makosa ya chapa kwa ajili ya toleo lijalo. Hiyo nayo ni kazi, ila ni ya upweke.

Lugha utakayokutana nayo

Kwa mtu wa Lamu jambo hili lina uzito wake. Kampuni kubwa inahariri Kiswahili Sanifu, kile ambacho kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilikijenga juu ya Kiunguja, na haina budi, kwa kuwa mtahini wa Turkana na wa Lamu wanasahihisha kwa kipimo kimoja. Ukitoka huko utakuwa na usanifu mkononi. Lakini mashairi ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yakija mbele ya mhariri aliyelelewa kwenye usanifu peke yake, huharibika bila yeye kujua. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, mizani 8 kila kipande, na kina cha kipande cha mwisho hubebwa kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mhariri akiona "mato" akaandika "macho", hajasahihisha neno, amevunja shairi zima.

Mchapishaji mdogo anayefanya kazi na washairi wa Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu, hawezi kukwepa mambo haya. Mzee atakuambia, "Hili silo nililolitunga, mwanangu," nawe utasema, "Samahani, Mwalimu, nalirudisha," na utalirudisha mbele yake. Ukiwa unasoma khati ya Kiarabu, thamani yako inapanda zaidi, kwa kuwa bado kuna miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa khati hiyo, na anayeweza kuihamisha kwa herufi za Kirumi bila kuharibu mizani ni adimu. Lamu ilikuwa na wanakili wa kazi hii tangu zamani. Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, alinakili tendi kwa mkono kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na nakala zake nyingine zimo katika maktaba ya SOAS, London. Kuwaachia wengine sehemu ya kazi hiyo leo, wakati vijana wa madrasa za hapa wanaisoma khati hiyo kila siku, naona ni hasara.

Pesa na karatasi

Usitegemee mshahara upande wowote. Kampuni kubwa nyingine hutoa posho, na wadogo wengi hutoa nauli na chakula cha mchana, wengine hata hicho hawatoi. Tofauti kubwa iko kwenye matumizi. Ukikaa kwenu Malindi au kwa shangazi yako Shela, unatumia kidogo. Nairobi utalipa chumba, matatu mbili kwa siku, na chakula, hata kama una jamaa wa kukupokea, maana jamaa hapokei mgeni wa miezi mitatu mikono mitupu. Piga hesabu ya miezi yote mitatu kabla ya kukata tiketi, na uwaonyeshe wazazi hesabu hiyo. Posho ya Nairobi ikishindwa kulipa nyumba, jina kubwa la kampuni limekugharimu pesa za baba.

Karatasi ni zile zile pande zote: barua ya utangulizi ya chuo, bima ya ajali, fomu za NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) pale chuo kinapozitaka, na kitabu cha kumbukumbu kitiwe sahihi kila wiki. Kwa mchapishaji mdogo hakikisha kuna mtu anayekubali kuwa msimamizi wako na kutia sahihi, maana mwenye kampuni husafiri na kurasa tupu za wiki tatu huleta maneno chuoni.

Kuna jambo moja la kisheria watu hulipita. Ukitafsiri hadithi, ukaandika maelezo ya jalada au ukatunga mazoezi wakati wa mafunzo, haki ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa ndani ya ajira iwapo hakuna mapatano mengine. Mwanagenzi hayuko ndani kabisa wala nje kabisa, kwa hiyo pata mstari mmoja ulioandikwa: kazi ipi ni ya kampuni, na jina lako litatajwa wapi. Kwa mdogo hili hupatikana kwa mazungumzo ya dakika kumi. Kwa mkubwa utapewa fomu, na utaitia sahihi kama ilivyo.

Huyo ni mchapishaji kweli?

Hapa Malindi kuna watu wanaojiita wachapishaji ambao kwa kweli wana duka la kutoa kopi, kuchapa kadi za harusi na kufunga ripoti kwa ringi. Ni kazi ya halali, na ukitaka kujua karatasi, wino na mashine, miezi miwili huko si haba. Lakini uhariri hutauona. Kundi la pili ni la kutazama kwa makini zaidi: kampuni inayomtoza mwandishi gharama yote ya kitabu chake. Mwanagenzi wa huko huishia kuwapigia simu waalimu waliostaafu akiwashawishi walipie vifurushi. Swali la kuwatambua wote ni jepesi. Nani analipa matbaa? Kama ni mwandishi kila mara, uhariri hautakuwa na nguvu, kwa kuwa kampuni haipotezi chochote kitabu kikilala stoo.

Wapo pia wanaouliza kama wanaweza kufanya kazi ya mchapishaji kwa kompyuta wakiwa Lamu, bila kuhama. Inawezekana, na kusoma prufu kwa mbali ni jambo la kawaida siku hizi. Kwa anayeanza siishauri. Sehemu kubwa ya ujuzi huu husikika kwa bahati: mhariri akibishana na mchoraji, mwenye duka akirudisha nakala, mwandishi akilia njaa ya mrabaha. Hayo hayaji kwa barua pepe.

Basi nani aende wapi

Kama unataka kuwa mwandishi au mhariri wa vitabu vya shule, nenda Nairobi, na usisikilize mapenzi yangu ya Pwani. Vivyo hivyo kama una jamaa wa kukaa naye na umepewa idara kwa maandishi. Jina la kampuni kwenye wasifu wako litafungua milango ambayo jina la mchapishaji wa vyumba viwili halitafungua, na hilo mimi siwezi kulibadilisha kwa hoja.

Kama bado hujui unapenda upande gani wa vitabu, au unafikiria siku moja kuanzisha chako, au moyo wako uko kwenye mashairi na historia za hapa, anza na mdogo mwenye kitabu mezani. Ukimaliza utakuwa na kitu cha kuonyesha: kitabu kimoja ambacho unaweza kueleza kila ukurasa wake ulifikaje pale. Aliyepita huko kisha akaenda Nairobi baada ya shahada huonekana mapema, kwa sababu anauliza bei ya karatasi wakati wenzake wanauliza saa ya kutoka.

Na kama mdogo uliyempata hana kitabu kinachotembea, wala Nairobi huna pa kukaa, ahirisha muhula ikiwa chuo kinaruhusu. Miezi hiyo mitatu huwezi kuirudia.

Barua zipeleke mapema, Januari au Februari kwa nafasi ya Mei. Usiambatanishe vyeti tupu. Chukua ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichochapwa vibaya, na havikosekani, uusahihishe kwa kalamu nyekundu, uupige picha na uutume pamoja na barua. Mhariri atausoma kabla ya kusoma jina lako. Ukikubaliwa pande zote mbili, mwandikie unayemkataa siku ile ile, kwa heshima, na umweleze sababu. Wachapishaji wa nchi hii hukutana kwenye maonyesho ya vitabu Nairobi, na wanajuana kwa majina.